Mazoezi Tiba Yaandikwe Dozi Kama Dawa

Ingia duka lolote la dawa, kuanzia Mbagala hadi Tegeta, ununue vidonge vya maumivu. Muuzaji atavihesabu, atavitia kwenye bahasha ndogo, na juu yake ataandika kwa kalamu: 1x3, siku 5. Mgonjwa wa goti anayetoka hospitali naye hupewa karatasi ambayo dawa zimeandikwa hivyo hivyo, kwa miligramu na kwa saa. Kisha chini kabisa unakuta mstari mmoja: "Apunguze uzito, afanye mazoezi." Mazoezi gani? Mara ngapi? Kwa mzigo gani, kwa wiki ngapi, na yakimuuma afanyeje? Hayo hayapo. Wakati kwa goti lililochakaa, kwa mgongo unaouma miezi na miezi, kwa bega na kwa kano ya kisigino, mstari huo wa mwisho ndio wenye tiba. Vidonge vinatuliza tu.

Wataalamu tunao. Hospitali ya KCMC kule Moshi inafundisha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, kwa miaka mingi sasa. Hapa Dar es Salaam, taasisi ya mifupa ya MOI ipo Muhimbili, hospitali ya CCBRT ipo Msasani, na hospitali za rufaa za Amana, Mwananyamala na Temeke zinapokea wagonjwa wa viungo kila siku. Tunapokwama ni kwenye kipimo. Mgonjwa analala kitandani, anawekewa taa nyekundu dakika 15, anawekewa mashine ya umeme dakika 15, anachuliwa kidogo, anaambiwa arudi keshokutwa. Akimaliza vikao 10 anaondoka bila kujua afanye nini nyumbani siku 6 za wiki, na misuli yake haijaongezeka nguvu hata chembe, kwa sababu hakuna kilichoilazimisha kuongezeka.

Nianze na goti, maana ndilo lenye wagonjwa wengi na ndilo lenye imani nyingi. Muulize mtu mwenye goti bovu anaumwa nini, atakwambia ute umeisha. Kwa hiyo anakula bamia kila siku na anakunywa supu ya kongoro. Bamia ni mboga nzuri na kongoro lina lishe yake, lakini ute wa bamia unaishia tumboni na kumeng'enywa kama chakula kingine chochote. Ute wa goti hutengenezwa na utando laini unaozunguka kiungo chenyewe, na goti zima lenye afya lina kiasi kisichozidi mililita 4 hivi, pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Goti lililochakaa likavimba mara nyingi lina maji mengi kupita kiasi. Hayo ndiyo daktari anayavuta kwa sindano. Kwa hiyo mtu anayehangaika kuongeza ute anahangaikia kitu ambacho goti lake tayari limezidiwa nacho.

Kilichochakaa ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, pamoja na misuli inayolishikilia goti. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kutoka kwenye ute, na ute hupenya pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kinapobanwa na kuachiwa, yaani mtu anapotembea, anapoketi na kusimama. Kulilaza goti muda mrefu ni kulinyima chakula. Halafu kuna jambo ambalo wagonjwa wachache huelezwa: goti likijaa maji, hata mililita 20 au 30 tu, neva huanza kuzima sehemu ya misuli ya mbele ya paja. Mguu unalegea, mtu anadhani ni uzee. Misuli ikilegea mzigo unahamia kwenye kiungo, kiungo kikiuma mtu anapunguza kutembea, akipunguza kutembea misuli inazidi kusinyaa na uzito unapanda. Uzito nao si jambo dogo. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2005 kwa wazee wenye magoti ya aina hii ulionyesha kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua.

Sasa dozi yenyewe inaandikwaje?

Kwanza kipimo cha kuanzia. Chukua kiti kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hivi, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Mgonjwa akunje mikono kifuani, na kwa sekunde 30 ahesabiwe anasimama wima na kuketi mara ngapi. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 asiyefika mara 12, na mwanamume wa umri huo asiyefika 14, yuko chini ya wastani. Kwa miaka 70 hadi 74 ni 10 kwa mwanamke na 12 kwa mwanamume. Namba hiyo iandikwe pamoja na tarehe. Bila namba ya mwanzo, baada ya miezi 3 hakuna atakayejua kama tiba imefanya kazi.

Pili, lengo, na lengo hulipati kwenye picha ya eksirei. Unalipata kwa kuuliza.

"Shikamoo mama. Kitu gani goti limekunyima ambacho unakitaka tena?"

"Marahaba mwanangu. Kukaa kwenye mbuzi nikune nazi mwenyewe. Na kusujudu. Kuswalia kwenye kiti kumenichosha."

Majibu hayo mawili yanatosha kupanga tiba nzima. Kibao cha mbuzi kiko chini sana kuliko kiti, kwa hiyo kazi ni kushusha kimo cha kukalia hatua kwa hatua, kutoka kiti hadi stuli, kutoka stuli hadi kibao, huku nguvu zikipanda. Kusujudu kunataka goti likunjike karibu lote na libebe uzito likiwa limekunjwa, kwa hiyo wiki za mwisho lazima ziwe na mazoezi ya kupiga magoti kwenye mkeka uliokunjwa mara mbili. Mwingine atataja choo cha kuchuchumaa, mwingine ngazi ya daladala. Kila mmoja na mwisho wake.

Tatu, mazoezi. Matatu yanatosha, karatasi zenye michoro 12 hazifanywi na mtu.

La kwanza ni kusimama na kuketi. Kwa wiki 2 za mwanzo kiti kiongezwe kimo kwa mto mgumu, kwa sababu kadiri unavyokalia juu ndivyo goti linavyobeba kidogo. Nyayo ziachane kwa upana wa nyonga, visigino viingie nyuma kidogo ya magoti, kiwiliwili kiiname mbele mpaka pua ifike usawa wa vidole vya miguu, ndipo asimame. Kushuka kuchukue hesabu ya 3. Seti 3, yaani mafungu 3, za mara 8 hadi 10, mapumziko ya dakika 1 au 2 kati ya seti, siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zinafaa. Mara 2 za mwisho za kila seti ziwe ngumu. Kama mara ya 10 anaifanya huku anapiga soga na jirani, dozi ni ndogo. Akiweza seti 3 za mara 12 katika vikao 2 mfululizo, mto uondoke. Akizoea tena, akumbatie kiroba cha unga cha kilo 5 kifuani. Halafu stuli.

La pili ni tofali. Tofali la saruji la inchi 6 likilazwa bapa lina kimo cha sentimita 15, karibu sawa na ngazi ya nyumba. Mguu mbovu ubaki juu ya tofali, mguu mzima ndio ushuke polepole mpaka kisigino kiguse sakafu, kisha urudi juu. Mkono mmoja ushike ukuta. Seti 3 za mara 8. Tofali lisisimamishwe kwa ubavu ili kupata kimo zaidi, linayumba na litamwangusha. Mwenye kuhitaji kimo zaidi atumie ngazi halisi.

La tatu ni la nyonga, ambalo husahaulika. Nunua tyubu kuukuu kwa fundi baiskeli, ioshe, ifunge kitanzi juu kidogo ya magoti, juu ya nguo isichubue ngozi. Piga nusu chuchumaa, tembea kiubavu hatua 10 kulia, 10 kushoto, mara 3. Misuli ya pembeni ya nyonga ikiwa dhaifu, goti huangukia ndani kila hatua, na unaweza kutibu goti mwaka mzima bila kufika popote.

Juu ya hayo, kutembea. Dakika 10 mara 2 kwa siku, asubuhi saa 12 na nusu kabla jua la Dar halijawaka na jioni likishatua, kisha dakika 2 zaidi kila wiki mpaka afikie 30 kwa mkupuo.

Mahali tiba inapoharibika panajulikana, na mtaalamu anayemtazama mgonjwa kwa macho badala ya kumwacha na mashine atapaona mapema. Mguu mzima huiba kazi: mtazame mgonjwa kwa mbele anaposimama, utaona makalio yanahamia upande mmoja. Dawa yake ni kuutanguliza mguu mzima mbele kwa nusu unyayo, basi ule mbovu unalazimika kubeba. Wengine hujitupa kwenye kiti badala ya kushuka, wakipoteza ile sehemu ya kushuka polepole inayojenga misuli na kano vizuri sana. Wengine, kwa bidii njema kabisa, hufanya kila siku asubuhi na jioni. Goti linavimba, wanaacha moja kwa moja na kutangaza kwamba mazoezi yamewadhuru. Na wengi zaidi huacha wiki ya pili kwa sababu hawaoni mabadiliko. Hapa elimu ni lazima. Wiki 2 hadi 4 za mwanzo nguvu inayoongezeka ni ya neva kujifunza kuiamsha misuli iliyopo. Misuli yenyewe kunenepa kwa kuonekana huchukua wiki 6 hadi 8, kano huchukua muda mrefu zaidi. Hukumu itolewe wiki ya 12, kwa kurudia kile kipimo cha kiti.

Na maumivu? Mgonjwa aambiwe wazi siku ya kwanza, la sivyo maumivu yatamfukuza. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, maumivu hadi 5 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi kufikia asubuhi inayofuata yamerudi yalipokuwa. Goti likiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguza seti kutoka 3 hadi 2, usiongeze mzigo wiki hiyo, lakini usiache. Sentensi hiyo moja imewabakiza wagonjwa wengi kwenye tiba kuliko taa yoyote.

Kuhusu hizo taa na mashine, msimamo wa kitaalamu umekwisha kuwekwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 kuhusu uchakavu wa viungo unataka kila mgonjwa apewe mazoezi tiba yanayolingana na hali yake, na unasema asipewe tiba ya umeme. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unakubali elimu, mazoezi, hata kuchua, lakini unashauri dhidi ya ultrasaundi ya tiba, mashine ya umeme ya TENS, kuvutwa mgongo, na mikanda ya mgongo ile inayopangwa kwenye meza za Kariakoo. Joto na kuchuliwa vinalegeza kwa saa kadhaa, na mtaalamu mzuri hutumia saa hizo kumwinua mgonjwa kitandani afanye kazi. Ubaya unakuja pale taa inapokuwa ndiyo kikao chote. Kliniki hupata fedha kwa kila kikao, na mashine inaweza kumhudumia mgonjwa huku mtaalamu yuko chumba kingine na wengine 3. Mimi silaumu mtu mmoja mmoja. Ninalaumu utaratibu unaolipia dakika za kitandani na kuacha kulipia matokeo.

Mgongo una tatizo lake la ziada, nalo ni picha. Mtu anaumwa kiuno wiki 2, anakimbilia kipimo cha MRI, anarudi na karatasi isemayo diski, ile mito iliyo kati ya pingili, zimechoka na pingili zimesagika, na kuanzia siku hiyo haokoti hata kalamu. Mapitio ya mwaka 2015 yaliyokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote yalikuta diski zilizochoka kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa walio wengi hizo ni mvi za ndani. Maumivu mengi mapya ya kiuno hupungua sana ndani ya wiki 6 mtu akiendelea na shughuli zake kadiri awezavyo.

Ushauri wa "usibebe kitu kizito" nao unatolewa kirahisi mno. Mwambie hivyo mama wa Manzese au Buza ambaye maji yakitoka lazima ajaze madumu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, naye ataibeba kesho, upende usipende. Kwa hiyo mfundishe kuibeba. Aanze na ndoo ya lita 5 iliyowekwa juu ya stuli, aisogeze karibu na mwili mpaka iguse mapaja, akunje nyonga na magoti pamoja, ainyanyue akitoa pumzi. Seti 3 za mara 8, siku 3 kwa wiki. Kila wiki aongeze lita 1 hadi 2. Akifika lita 10 bila shida, ndoo ishuke kutoka kwenye stuli hadi juu ya tofali, kisha sakafuni. Ndani ya miezi 3 kile kilichokuwa kikimtisha kimekuwa zoezi lake. Fundi cherehani kwa upande wake hahitaji kubeba sana. Anahitaji kusimama kila nusu saa, hata kwa dakika 1, na kiti kinachomwezesha kukanyaga pedali bila kujikunja.

Dozi haiwahusu wagonjwa wazee tu. Klabu za jogging zinazojaa barabarani Jumapili asubuhi ni jambo la kujivunia jijini, lakini mtu anayekaa ofisini siku 6 kisha akakimbia kilomita 10 juu ya lami siku ya 7 anaiomba kano ya kisigino ifanye isichoandaliwa. Ikishaanza kuuma asubuhi anapokanyaga chini, tiba iliyojaribiwa tangu mwaka 1998 ni kushusha kisigino kutoka ukingo wa ngazi: panda kwa miguu miwili, shuka polepole kwa mguu unaouma, mara 15 kwa seti 3 goti likiwa limenyooka na seti 3 likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, wiki 12. Hapo kila siku inaruhusiwa.

Vidonge vya diklofenaki na aibuprofeni vina nafasi yake kwa siku chache. Kuvimeza miezi kunaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, na wengi wenye magoti mabovu tayari wana presha. Jeli ya diklofenaki ya kupaka kwenye goti ni salama zaidi na ndiyo ianze.

Yapo yasiyostahili mazoezi wala kuchua hata dakika moja kabla ya daktari. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye moto, pamoja na homa: hiyo inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na saa zina maana. Mgongo unaouma usiku hata ukiwa umelala, pamoja na kukonda, kutoka jasho au kikohozi cha muda mrefu: kifua kikuu hushambulia pingili, na kwetu hilo halina budi kufikiriwa. Ganzi sehemu za siri na makalio, au mkojo kugoma au kutoka bila hiari: nenda hospitali usiku huo huo. Kifundo cha mguu kilichoteguka, kama huwezi kukanyaga hatua 4 au mfupa wa nyuma ya kifundo unauma ukibonyezwa, kipigwe picha kwanza.

Na jambo linaloumiza watoto: kiwiko. Mtoto ameanguka kutoka kwenye mwembe, amefungwa plasta ngumu ya P.O.P, imefunguliwa, kiwiko hakinyooki. Familia inampeleka kwa mchuaji, anakinyoosha kwa nguvu mtoto akilia. Kiwiko kilichoumia kikichuliwa na kulazimishwa mapema, misuli iliyochanika ndani inaweza kuanza kuota mfupa, na kiungo kikaganda kabisa. Kiwiko cha mtoto hunyooka kwa mtoto mwenyewe kukitumia: kula, kurusha mpira, kubeba mkoba mwepesi. Miezi inahitajika. Mkono wa mtu mwingine ukae mbali.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa nafasi ya kupanga upya kinacholipiwa. Denmark ilianza mwaka 2013 mpango wa GLA:D kwa wenye magoti na nyonga zilizochakaa: vikao vichache vya elimu, kisha vikao 12 vya mazoezi ya kikundi, mara 2 kwa wiki kwa wiki 6, na kila mgonjwa anapimwa mwanzo na baadaye. Hakuna kinachozuia mfumo kama huo kwenye ukumbi wa kata Temeke au Kinondoni. Vifaa ni viti 12 visivyo na mikono, matofali 12, tyubu za baiskeli na saa yenye sekunde. Mtaalamu mmoja kwa saa 1 anawaona watu 12 wakifanya kazi, muda ambao kitandani angewaona 2 au 3 wakiwa wamelala. Bima ilipie kifurushi kizima cha wiki 12: tathmini ya kwanza, kadi ya dozi iliyoandikwa kwa Kiswahili, vikao vya kikundi, na kipimo cha kiti mwishoni. Malipo ya mwisho yatoke pale namba ya mwanzo na namba ya mwisho zimeandikwa zote mbili. Mpaka hapo, mgonjwa anayekwenda kliniki wiki hii aombe karatasi yenye jina la zoezi, seti, idadi, siku na namna ya kuongeza, kabla hajalipia kikao cha pili.